Namna ya kuorodhesha nyaraka za mwanahistoria wa sanaa katika hifadhidata ya pamoja

Mwaka 2012, katika chumba cha chini cha Zentralinstitut für Kunstgeschichte, taasisi ya historia ya sanaa mjini Munich, sefu la chuma lilifunguliwa na ndani yake ukapatikana mswada ambao wataalamu walikuwa wamekwisha kuukatia tamaa. Ulikuwa utafiti wa mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky kuhusu Michelangelo, wa mwaka 1920. Mswada ulikuwa umebaki kwa Ludwig Heydenreich, mwanafunzi wake wa zamani ambaye baadaye aliiongoza taasisi hiyo. Panofsky alifariki mwaka 1968. Kitabu kilichapishwa mwaka 2014.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha tunachopigania. Karatasi zile hazikuungua wala hazikuliwa na mchwa. Zilikosa mstari mmoja tu kwenye orodha ambayo mtafiti yeyote angeweza kuifungua. Na nyaraka za wanahistoria wa sanaa hukumbwa na jambo hili kuliko nyingi nyingine, kwa kuwa mtu wa kazi hiyo husafiri, hufundisha hapa na pale, na huandikiana barua na wasanii, makumbusho na wafanyabiashara wa sanaa wa nchi nyingi. Barua alizoandika ziko kwa waliozipokea, na alizopokea ziko kwake. Nyaraka za Panofsky mwenyewe ni mfano mzuri: sehemu iko Archives of American Art nchini Marekani, na barua zake nyingine ziko Warburg Institute mjini London. Hakuna taasisi moja inayoweza kuyakusanya yote hayo rafuni. Hifadhidata ya pamoja inaweza kuyakutanisha kwenye skrini. Ufaransa wana Calames tangu mwaka 2007 kwa ajili ya vyuo vikuu na taasisi za utafiti, Ujerumani wana Kalliope kwa nyaraka za watu binafsi, na Uingereza wana Archives Hub. Hatua ninazozieleza hapa zinafaa popote utakapoingiza rekodi zako.

Hatua ya kwanza: usiguse kitu kabla hujamjua mtu

Masanduku yakifika, mkono huwasha kuanza kupanga. Uzuie. Tumia siku kadhaa kusoma maisha ya mwenye nyaraka: alisomea wapi na kwa nani, aliajiriwa wapi, aliandika nini, alihama lini, ni wafanyabiashara gani waliomletea picha azitolee maoni. Ukijua kwamba mwaka fulani alifukuzwa kazi au alikimbia nchi, utaelewa kwa nini barua za miaka mitatu hazipo, na hutaandika kwamba zimepotea.

Kisha piga picha kila sanduku jinsi lilivyo, kwa simu tu inatosha, kabla ya kutoa chochote. Lipe namba ya muda kwa penseli laini (kalamu ya wino isikaribie nyaraka kabisa). Andika kwenye lahajedwali sanduku lilikuwa wapi nyumbani au ofisini, kama kuna anayekumbuka: lililokuwa juu ya meza si sawa na lililokuwa darini. Bahasha, vibandiko na makabrasha yenye mwandiko wake yasitupwe, hata yawe yamechakaa vipi. Mara nyingi maelezo pekee ya kilichomo yako kwenye mgongo wa kabrasha.

Hatua ya pili: mpangilio wake ni hoja yake

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, kwa maana kosa la hapa halirekebishiki.

Watunza nyaraka wana kanuni mbili za zamani. Ya kwanza iliwekwa rasmi Ufaransa mwaka 1841: karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja au ofisi moja zibaki pamoja, zisichanganywe na za wengine. Ya pili ni kuheshimu mpangilio ambao mwenyewe aliuacha. Kwa karatasi za ofisi, kanuni ya pili husaidia kutafuta. Kwa mwanahistoria wa sanaa ina uzito zaidi, kwa sababu kupanga ndiyo kazi yenyewe.

Mfikirie Federico Zeri, mwanahistoria wa sanaa wa Italia aliyefariki mwaka 1998 na kukiachia Chuo Kikuu cha Bologna mkusanyo wake wa picha za kazi za sanaa, zipatazo 290,000. Katika mkusanyo wa namna hiyo picha hukaa kwenye makabrasha kwa jina la mchoraji. Mtaalamu anapoiweka picha ndani ya kabrasha la fulani, amesema mchoro huu ni wa fulani. Akiihamishia kabrasha la jirani, amebadili mawazo. Huenda hajaliandika hilo popote pengine. Sasa akija mwenye kuorodhesha, akaona kwamba siku hizi mchoro ule unajulikana kuwa wa mwingine, akaihamisha picha “mahali pake”, amefuta sentensi iliyoandikwa na marehemu na hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwepo.

Bernard Berenson, mtaalamu wa michoro ya Italia, anatupa mfano mkali zaidi. Mwaka 1899 alimbuni mchoraji mzima, akamwita Amico di Sandro, yaani rafiki wa Sandro Botticelli, na kumkabidhi kundi la michoro ambayo aliona inafanana. Baadaye aliliacha wazo hilo, na michoro mingi katika kundi hilo leo inahesabiwa kuwa ya Filippino Lippi. Ukikuta kabrasha lenye jina la mchoraji ambaye hakuwahi kuishi, usilisahihishe. Jina libaki kwenye rekodi kama lilivyoandikwa, na kwenye uga (nafasi ya kujazia) wa maelezo useme kwa maneno yako leo kazi hizo zinahusishwa na nani.

Hali ni hiyo hiyo kwa slaidi za kioo za mihadhara. Mwanahistoria wa sanaa Heinrich Wölfflin alifahamika kwa kufundisha akionyesha picha mbili bega kwa bega. Slaidi za mwalimu wa aina hiyo zina maana zikiwa jozi, na ukizipanga upya kwa alfabeti ya wasanii umebaki na vioo tu. Kadi za faharasa ni vilevile. Mwanahistoria wa sanaa Aby Warburg aliacha masanduku ya kadi ambayo mfuatano wake unaonyesha jinsi alivyounganisha mambo ambayo wengine waliyaona mbalimbali. Kwa hiyo kila kadi ipewe namba ya nafasi yake kabla hata moja haijanyanyuliwa.

Itatokea ukute fujo tupu, karatasi zilizosombwa na wahamishaji mizigo na kumwagwa ndani ya maboksi. Hapo unaruhusiwa kuunda mpangilio wako, maadamu useme waziwazi kwenye uga wa mfumo wa upangaji kwamba ni wako, umeufanya mwaka gani na kwa msingi gani. Mpangilio uliobuniwa kimyakimya humdanganya kila mtafiti atakayefuata.

Hatua ya tatu: amua utashuka hadi kina gani

Kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka, ISAD(G), ambacho toleo lake la pili lilitolewa na Baraza la Kimataifa la Nyaraka mwaka 2000, kina vipengele 26. Usitishike. Sita tu ndivyo vinavyohitajika ili rekodi yako ieleweke kwa wengine: msimbo wa kumbukumbu, kichwa, aliyeziunda nyaraka, tarehe, ukubwa, na ngazi ya maelezo. Hifadhidata karibu zote za pamoja zimejengwa juu ya msingi huo, na nyingi hubadilishana rekodi kwa EAD, muundo wa kompyuta wa kuandikia orodha za nyaraka, ulioanza kubuniwa Berkeley, California, mwaka 1993.

Ngazi ni kama mti. Juu kuna mkusanyo mzima. Chini yake kuna mafungu makubwa: barua, picha, miswada, maandalizi ya mihadhara, nyaraka binafsi. Ndani ya fungu kuna majalada, na ndani ya jalada kuna waraka mmoja mmoja. Anza juu, ushuke. Kilichosemwa juu kisirudiwe chini: kama mkusanyo wote uko kwa Kijerumani, sema mara moja, kisha chini utaje tu palipo na lugha nyingine.

Ushauri wangu, na nautoa kwa msisitizo, ni kuichapisha rekodi ya juu kabisa mapema, hata kabla ya kufungua nusu ya masanduku. Ukurasa mmoja unaosema nyaraka za fulani ziko hapa, mita kumi na mbili za rafu, bado zinapangwa, unamsaidia mtafiti leo. Orodha kamilifu itakayotoka baada ya miaka minane haimsaidii mwenye tasnifu ya miaka mitatu.

Halafu chagua pa kushuka hadi waraka mmoja. Mimi hushuka kwenye barua za wafanyabiashara wa sanaa na wakusanyaji, kwenye katalogi za mnada zilizoandikwa pembeni bei na majina ya wanunuzi, na kwenye miswada ambayo haikuchapishwa. Nakala za makala zilizokwisha kuchapishwa majaridani sizishughulikii moja moja, isipokuwa zenye maneno ya kutunukiwa au masahihisho kwa mkono. Hizo hazipatikani maktaba yoyote nyingine.

Hatua ya nne: jaza rekodi ukimfikiria mgeni

Anayesoma rekodi yako hajawahi kuingia chumbani kwako. Pengine hajui lugha yako vizuri. Kichwa kama “Barua mbalimbali” hakimwambii lolote. Andika: “Barua kutoka kwa wafanyabiashara wa sanaa kuhusu michoro ya Venisi ya karne ya 18, 1931–1938”. Kichwa alichokiandika mwenyewe kwenye kabrasha kiweke ndani ya alama za kunukuu, na ulichokitunga wewe kisiwe na alama hizo, ili tofauti ionekane.

Tarehe iandikwe mara mbili kama mfumo unaruhusu: mara moja kwa ajili ya macho ya watu, “17 Mei 1934”, na mara moja kwa ajili ya mashine, kwa kufuata ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku, kama 1934-05-17. Tarehe uliyoikisia iwekwe kwenye mabano mraba, na sababu ya kukisia itajwe: muhuri wa posta, tukio linalotajwa ndani ya barua. Kwa picha, tenganisha tarehe ya mchoro, tarehe ya kupigwa picha na tarehe ambayo picha iliingia kwenye mkusanyo. Nimeona rekodi zinazodai kuna picha ya mwaka 1480, ilhali ni mchoro ndio wa mwaka huo.

Ukubwa utaje kwa mita za rafu na kwa idadi ya masanduku. Mtafiti anayepanga safari anahitaji kujua kama ni kazi ya siku mbili au ya miezi miwili.

Msimbo wa kumbukumbu katika hifadhidata ya pamoja lazima uwe wa kipekee kwa wote, siyo kwako tu. Kwa kawaida hujengwa kwa msimbo wa nchi, msimbo wa taasisi, kisha namba yako. Ukishatangazwa usiubadilishe tena, maana utakuwa umenukuliwa kwenye tanbihi za watu.

Hatua ya tano: majina

Hifadhidata ya pamoja husimama au huanguka kwa majina. Wölfflin ataandikwa Woelfflin na Wolfflin, na mashine isiyoelekezwa itaona watu watatu. Kwa hiyo usiandike jina kwa kulicharaza tu. Litafute kwanza kwenye faili la majina sanifu la hifadhidata yenyewe, kisha VIAF, ambako maktaba kubwa za dunia huoanisha majina yao. Kwa wasanii tumia ULAN, orodha ya majina ya wasanii ya Getty, taasisi ya sanaa ya Marekani, na kwa mada na aina za kazi tumia AAT, orodha ya istilahi, ya Getty pia. Nakili kitambulishi, yaani namba ya kipekee ya mtu huyo, siyo jina peke yake. Mtu asipokuwepo kokote, mfungulie rekodi yake: miaka ya kuzaliwa na kufa, alikofanya kazi, namna zote za jina ulizozikuta, na umezipata wapi.

Jihadhari na majina yanayobeba watu wawili. Canaletto ni Giovanni Antonio Canal wa Venisi, aliyefariki mwaka 1768. Lakini mpwa wake Bernardo Bellotto, aliyefanya kazi Dresden na Warsaw, naye alitumia jina hilo, na katika barua za Kijerumani na Kipolandi “Canaletto” mara nyingi ni huyu wa pili. Ukiunganisha barua inayozungumzia mandhari ya Warsaw na kitambulishi cha mjomba, umempotosha kila atakayetafuta. Pale usipokuwa na uhakika, acha jina lilivyoandikwa bila kiungo. Kiungo kisichokuwepo kitaongezwa siku moja, lakini kiungo cha uongo husambaa kwenye hifadhidata nyingine zinazovuna rekodi zako.

Kuna jambo lingine linaloniuma katika majina. Nyaraka nyingi zilizohifadhiwa kwa jina la mwanamume mmoja zimejaa mwandiko wa wanawake. Gertrud Bing alikuwa msaidizi wa Warburg, na miaka ya baadaye akawa mkurugenzi wa Warburg Institute, 1955 hadi 1959. Mary Berenson aliandika na kuchambua pamoja na mumewe. Ukitambua mwandiko wa mke, katibu, mtafsiri au mpiga picha, mtaje kwa jina lake kamili na umfungulie rekodi yake. “Mkewe” si jina, na mtafutaji hawezi kuliandika kwenye kisanduku cha utafutaji.

Hatua ya sita: picha zina migongo

Kila picha igeuzwe. Mgongoni kuna muhuri wa mpiga picha au studio, namba ya negativu, jina la mmiliki wa wakati huo, wakati mwingine bei, na mara nyingi majina mawili au matatu ya wasanii, moja limekatwa na jingine kuandikwa juu yake. Nakili yote kwa mfuatano wake. Kama mnapiga nakala za dijitali, piga pande zote mbili, la sivyo mmeacha nusu ya waraka gizani.

Negativu za filamu zitenge mapema. Zilizotengenezwa kwa nitrati kabla ya katikati ya karne ya 20 huweza kuwaka moto vibaya sana, na za asetati zikianza kunuka siki zinaoza na kuziambukiza jirani zake. Muite mtaalamu wa uhifadhi, na kwenye rekodi useme zimehamishiwa wapi ili uhusiano wake na karatasi zilizobaki usipotee.

Hatua ya saba: nini kionekane na nini kisubiri

Kumiliki barua hakukupi hakimiliki ya maneno yaliyomo. Maneno ni ya aliyeandika, na baada yake ya warithi wake. Mkataba wa Berne umeweka kima cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi za Umoja wa Ulaya hulinda kwa miaka 70. Kueleza barua kwenye katalogi hakuna shida. Kubandika picha yake mtandaoni kunahitaji ruhusa ikiwa muda huo haujaisha.

Maelezo kuhusu afya, ndoa, ushauri wa wanafunzi au sifa za watu walio hai yafungwe kwa muda unaotajwa, na rekodi iseme kwamba jalada lipo na litafunguliwa mwaka gani. Kuficha kuwepo kwake ni jambo jingine kabisa, na silikubali.

Upande wa pili, kuna nyaraka ambazo zikicheleweshwa huleta madhara. Mwaka 1998, nchi 44 zilikubaliana mjini Washington juu ya kanuni za kutafuta na kurejesha kazi za sanaa zilizoporwa na Wanazi. Ushahidi wa nani alikuwa na mchoro mwaka 1936 na nani alikuwa nao mwaka 1942 mara nyingi umo ndani ya barua ya mfanyabiashara kwa mwanahistoria wa sanaa, au mgongoni mwa picha aliyoambatanisha. Majalada ya miaka 1933 hadi 1945 yenye majina ya wauzaji, mnada na wamiliki yaorodheshe kwanza, kwa kina, na majina ya wamiliki yaingizwe kama viungo, siyo kama maandishi matupu ndani ya aya. Kuna familia zinazotafuta.

Hatua ya nane: kuingiza na kukagua

Ukiandaa kazi kwenye lahajedwali kabla ya kuipeleka, ihifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi za lugha zote, ili ö na é zisigeuke vimraba. Angalia kwamba programu haijabadili tarehe zako yenyewe, tabia ambayo lahajedwali nyingi zinayo. Peleka kwanza rekodi ishirini kama rasimu, uone kama mti wa ngazi umekaa sawa na majalada hayakuning’inia bila mzazi, yaani ngazi iliyo juu yake. Ndipo upeleke zilizobaki.

Tafuta marudio. Huenda taasisi nyingine imekwisha kumfungulia mtu yuleyule rekodi. Usifungue ya pili: ongeza ulichonacho kwenye ile iliyopo, na ukiona kosa, waandikie wenye rekodi badala ya kuibadilisha bila taarifa. Andika jina la aliyeorodhesha na tarehe ya kila marekebisho makubwa.

Mwisho jaza uga ambao wengi huuacha wazi, ule wa nyaraka zinazohusiana. Kwa kila mwandikiwa barua muhimu, tafuta nyaraka zake ziko taasisi gani, kisha weka kiungo kwenda rekodi yake huko na uwaombe wenzako waweke kinachorudi kwako. Halafu fungua hifadhidata kwenye kompyuta ambayo hujaingia kwa jina lako, andika jina la mtu mmoja aliyeandikiana na mwenye nyaraka zako, ubonyeze kutafuta. Barua yake na jibu lake zikitokea kwenye ukurasa mmoja, zikiwa zimetoka taasisi mbili, endelea na sanduku linalofuata.